Wayo unaburuta? Anza kuangalia pembeni ya goti

Wengi wanaofika karakana yetu ya vifaa vya kusaidia miguu huulizia kwanza bei ya "kile kiplastiki cha kunyanyua mguu". Kabla ya bei, sisi tutauliza neva (mshipa wa fahamu) imeumia wapi. Wayo unaoning'inia na kukwaruza sakafu unaweza kutokana na mgongo, tako au goti, na mahali penyewe ndipo panapoamua utavaa kifaa kwa miezi mitatu au kwa miaka.

Neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, hutoka mgongoni, hupita chini ya misuli ya tako na kushuka nyuma ya paja. Karibu na goti hugawanyika. Tawi moja, la tibia, hupita katikati kwenda kwenye kigimbi na unyayo; ndilo linalokuwezesha kusimama kwa ncha za vidole. Jingine, la peronea, huzunguka shingo ya mfupa mwembamba wa nje, fibula. Papasa upande wa nje chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Sentimita moja au mbili chini yake neva hiyo imelala juu ya mfupa, imefunikwa na ngozi na mafuta kidogo tu. Ndiyo inayonyanyua wayo na vidole, na kuupindua wayo kuelekea nje.

Ndiyo maana huumia kwa mambo yanayoonekana madogo. Hogo (POP, plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika) lililobana hapo juu. Kuchuchumaa saa nyingi ukipalilia au ukipanga marumaru. Kukunja nne kila siku, hasa kwa aliyekonda ghafla. Usingizi mzito mguu ukiwa umeegemea chuma cha kitanda. Ajali ya bodaboda inayovunja shingo ya fibula au kuteguza goti ni kubwa zaidi, kwa sababu neva inaweza kuvutika hadi kukatika. Ukoma nao hupenda neva hii. Ukiwa na baka lisilo na hisia kwenye ngozi, nenda hospitali kabla ya kuja kwetu.

Jipime hivi. Tembea kwa visigino: ukishindwa mguu mmoja, wayo umelegea. Kisha kaa, ugeuze unyayo uutazame mguu wa pili. Ukiweza vizuri, na kusimama kwa ncha za vidole unaweza, shaka iko gotini. Ukishindwa kugeuza, na kiuno kinauma hadi mguuni, tazama mgongo. Kigimbi nacho kikilegea, na tatizo lilianza baada ya sindano ya makalio, neva ya siatiki yenyewe imeguswa. (Sindano ya tako ichomwe robo ya juu upande wa nje; mtoto mdogo achomwe pajani.) Vipimo hivi haviondoi haja ya daktari. Ganzi sehemu za siri pamoja na mkojo kugoma ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hali kadhalika maumivu makali yanayozidi ndani ya hogo: lipasuliwe mara moja, lisisubiri kesho.

Sasa hesabu. Neva iliyobanwa tu, nyuzi zake zikiwa hazijakatika, mara nyingi hurudi ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Nyuzi zikikatika, huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingo ya fibula hadi msuli wa mbele ya mguu ni sentimita chache, kwa hiyo ni suala la miezi. Kutoka takoni ni kama sentimita 50, yaani siku 500, na msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu huanza kugeuka mafuta na kovu. Hivyo miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote ya kurudi, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa neva au mifupa. Kukandwa na mafuta ya moto hakuharakishi ukuaji huo, na kwenye ngozi yenye ganzi huleta malengelenge ambayo hutayasikia.

Kifaa basi kinafanya nini? Hakiponyi neva. Kinashikilia kifundo kwenye pembe ya nyuzi 90 usijikwae, na kinazuia kigimbi kukakamaa wakati unasubiri. Tunatumia plastiki ya polipropilini, iliyofinyangwa juu ya umbo la mguu wako mwenyewe. Makosa tunayoyaona sana kwenye vya kununua tayari ni ukingo wa juu kufika kwenye kile kinundu. Hapo kifaa kinabana neva ile ile. Ukingo uishie sentimita 2 hadi 3 chini ya shingo ya fibula.

Siku ya kwanza vaa saa moja, uongeze saa moja kila siku. Vua, kagua ngozi: wekundu usiopotea baada ya nusu saa unamaanisha kifaa kirudi karakana. Nyoosha kigimbi kwa kitambaa kilichozungushwa chini ya wayo, sekunde 30, mara tano, asubuhi na jioni.

Ukija kupimwa, leta picha ya eksirei na raba za kamba zilizozidi saizi yako kwa namba moja, zenye soli ya ndani inayoweza kutolewa. Ndala hazishiki kifaa.