Barua kwa shemeji yangu anayetaka kuwa fundi umeme

Shemeji yangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia kwamba, baada ya miaka mingi ya uhasibu, umeamua kujifunza ufundi umeme, ingawa baadhi ya jamaa wanaona kuwa mtu aliyevuka miaka 45 angetulia na kazi aliyo nayo. Mimi niliyeizoea kazi hii nakuunga mkono kwa moyo wote. Lililonisukuma kukuandikia ni lile ulilonieleza, kwamba unatafuta njia ya kufupisha uanagenzi, yaani muda wa kujifunza kazi chini ya fundi, kwa sababu umri umekwenda. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Katika nchi nyingi uanagenzi huu huchukua kati ya miaka 3 na 5, na najua kwamba kwa mtu mwenye familia muda huo ni mrefu na kipato chake ni kidogo. Hesabu zake hazitakushinda. Kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, inayohusianisha volti, mkondo wa umeme na ukinzani (kile kinachouzuia mkondo kupita), utaielewa upesi, na ukigawanya wati kwa volti utaona mara moja kwamba birika la wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 10. Kinachohitaji miaka ni mikono, pamoja na mazoea ya kukagua.

Chukua mfano wa waya ambao haukukazwa barabara kwenye skrubu ya soketi. Siku ya kukabidhi kazi kila kitu kinawaka na mwenye nyumba anakushukuru. Hata hivyo, mahali waya unapogusa kwa shida ukinzani huwa mkubwa, na joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, kiasi kwamba mkondo ukiongezeka maradufu joto huwa mara 4. Atakapochomeka hita kwa saa kadhaa, plastiki itaanza kugeuka rangi na hatimaye kuungua, huku saketi breka, ile swichi inayokata umeme mkondo unapozidi, ikiwa imetulia tu, kwa maana mkondo wenyewe haujavuka kiwango chake. Ndiyo maana fundi mzuri hukaza skrubu, kisha huvuta kila waya kwa mkono kuhakikisha umeshika, na msimamizi wake humfanya arudie hadi asiweze kuondoka bila kufanya hivyo.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu uhai wako. Kabla ya kugusa waya, zima umeme, funga swichi kwa kufuli, jaribu testa (kifaa cha kupima kama pana umeme) mahali unapojua upo, pima pale unapotaka kufanyia kazi, halafu urudi kuijaribu testa mahali pa kwanza, kwa sababu inaweza kuharibika katikati ya zoezi na ikakudanganya. Swichi za kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30, kwani mkondo unaozidi hapo ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ampea 10 za lile birika ni zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Ninachohofia kwa watu wa rika letu ni staha: mwenzako akisema ameshazima, utaona aibu kupima tena mbele yake, kana kwamba unamtilia shaka. Pima, hata kama aliyesema ni msimamizi wako. Naye huenda akawa kijana wa umri wa mwanao, na itakubidi umsikilize kwa heshima yote, maana katika kazi hii yeye ndiye mkubwa.

Uhasibu wako hautapotea. Kila kazi ya umeme humalizika kwa vipimo vinavyopaswa kuandikwa kwa uaminifu, na mafundi wengi hulifanya hilo kwa uvivu.

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kapime macho, uwezo wa kutofautisha rangi ukiwamo, kwa kuwa baada ya miaka 40 kuona vitu vya karibu hupungua, nawe utashinda darini ukitazama nyaya nyembamba kwa mwanga hafifu. Kisha umuulize fundi atakayekupokea kama atakusimamia mwenyewe au atakuacha na wanagenzi wenzako. Akijibu kwamba atakuacha nao, nijulishe mapema, tumtafute mwingine.

Wako katika ufundi,
Shemeji yako