Mhariri, mlikata mkia wa ile namba

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kakamega na gazeti lenu nalisoma kila wiki. Kwanza asanteni kwa ile habari fupi ya saa ya molekuli, yaani saa inayohesabu mtetemo wa atomu zilizoshikana, iliyotengenezwa Columbia University kule New York, si kawaida kupata maneno kama hayo kwa Kiswahili, niliikata nikaweka kwa faili. Lakini namba mliyochapa, ile ya mipigo ya saa hiyo (hertz ni mpigo mmoja kwa sekunde), haikuwa kamili. Mliandika "hertz trilioni 31 na ushee" mkaishia hapo, na mimi naona mliacha kitu cha maana kuliko vyote. Kundi la Tanya Zelevinsky, mwanafizikia wa huko Columbia, mwaka wa 2023 waliandika hertz 31,825,183,207,592.8, halafu wakasema inaweza kuzidi au kupungua kwa 5.1. Hiyo 5.1 ndio kazi yenyewe.

Wacha nieleze venye nafanya darasani. Tunaning'iniza springi, tunafunga uzito chini, mtoto anauvuta kidogo anaachilia na mwenzake anabonyeza stopwachi. Wakipima mpigo mmoja tu huyu anapata 0.6, yule 0.9, kwa sababu kidole kinachelewa. Wakihesabu mipigo 20 wanapata sekunde 14 hivi, na kuchelewa kwa kidole ni kule kule, sasa ukigawanya kwa 20 kosa linabaki dogo kabisa. Halafu kila mwaka kuna mmoja anaandika 0.7183 kwa sababu kalkuleta imempa hivyo. Namuuliza, hiyo 8 na hiyo 3 umezitoa wapi, mkono wako ulizionaje? Hapo ndio somo linaanza.

Sasa hao wa New York springi yao ni atomu mbili za strontiamu, aina ya metali, zimeshikana. Shida ya kwanza ni joto. Kwa joto la kawaida la chumba molekuli kama hiyo inakimbia mamia ya mita kwa sekunde, na kitu kikikimbia frikwensi yake, yaani mipigo yake kwa sekunde, inasikika imebadilika, kama king'ora cha ambulensi ikikupita barabarani. Kwa hivyo wanazipoza atomu kwanza kwa leza ya bluu, halafu nyekundu, mpaka zinabaki na joto la sehemu chache tu kati ya milioni za digrii moja juu ya ile baridi ya mwisho kabisa, minus 273.15, na hapo mwendo wake ni kama wa siafu. Ndio mwanga mwingine unaziunganisha mbili mbili, na leza zinazipanga na kuzishika zikielea ndani ya chombo kilichotolewa hewa, bila kuguswa na ukuta wowote. Hii ya kupoza atomu kwa leza ndio iliwapa Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Mtetemo wa molekuli hiyo una ngazi 63 za nishati, zinahesabiwa kuanzia 0 mpaka 62. Huko juu atomu zimeshikana kwa shida, karibu ziachane, na ngazi ya 0 ndio zimekumbatiana kabisa. Wanatumia leza mbili zenye rangi tofauti kidogo kuihamisha molekuli kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa, na ile tofauti ya frikwensi kati ya leza hizo mbili ndio namba wanayotafuta. Ni kama kutyuni gitaa: nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana unasikia sauti inapanda inashuka, wau, wau, wau, na ukihesabu huo mpando unajua zimeachana kwa kiasi gani.

Halafu ndio kazi ngumu inaanza, ile ya kujikosoa. Mwanga unaoshika molekuli nao unaivuta frikwensi, kwa hivyo lazima utafute rangi ambayo inavuta ngazi zote mbili sawasawa. Joto la kuta za chombo linasukuma kidogo. Molekuli zikigongana zinasukuma kidogo. Hata zile leza mbili za kupimia zenyewe zinasukuma. Kila moja wameipima peke yake, na mashaka yote yaliyobaki, pamoja na yale ya saa waliyolinganisha nayo, ndio yameingia kwa 5.1. Kosa la hertz 5 kwa trilioni 31 ni sawa na saa kupotea sekunde moja kwa miaka karibu laki mbili.

Kuna mwenzangu kwa stafu aliniuliza, si saa za atomu zinashinda hiyo? Zinashinda, tena mbali. Lakini saa ya atomu inasikiliza elektroni, na hii inasikiliza viini vyenyewe, ile sehemu nzito ya katikati ya atomu yenye protoni, vikienda na kurudi, kwa hivyo inategemea vile protoni ni nzito kuliko elektroni, mara 1836 hivi. Kama huo uwiano unabadilika hata kidogo sana na miaka, molekuli itasema. Tena viini viwili vikiwa karibu hivyo, chini ya nanomita moja, unaweza kuuliza kama kuna nguvu nyingine inavuta kati yao ambayo hakuna mtu ameiona. Yote yanajibiwa mezani, kwa chumba kimoja, na jibu lote liko kwa ile namba ya mwisho. Bila 5.1 huwezi kujua kama kitu kimebadilika ama ni kidole tu kimechelewa.

Kwa hivyo naomba, Mhariri, mkichapa kipimo chochote, iwe cha molekuli, cha mvua, cha kura ya maoni, chapeni na kosa lake. Nafasi inatosha, ni tarakimu mbili tatu tu. Na kama mtarekebisha ile habari wekeni namba nzima na mkia wake, nitaikata niibandike ukutani kwa labu, karibu na springi.

Mwalimu wa fizikia,
Kakamega