Gari la kulala la Pwani lisijengwe kwa michoro ya nchi za baridi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua ili tuzungumze na wananchi wanaonunua matatu kuukuu na vani za mizigo, wakang'oa viti na kuzigeuza magari ya kulala safarini. Ni kazi tunayoipenda sisi mafundi wa bodi na umeme wa magari wa hapa Malindi, na ndiyo sababu hatutaki kuiona ikiharibika. Wengi huja gereji na michoro iliyotoka Uingereza, Ujerumani au Kanada, ambako mtu aliyelala garini hupambana na baridi. Kwetu sisi mapambano ni na chumvi, joto na mchanga. Gari lililotengenezwa kumkinga mtu na theluji, likiegeshwa ufuoni miezi michache, huanza kuoza kutoka ndani na mwenyewe hana habari.

Chanzo cha maradhi ni sponji. Michoro hiyo husema kuta zote zijazwe sponji au pamba, kisha zifunikwe mbao. Lakini hewa ya usiku wa Malindi imejaa unyevu wenye chumvi. Bati likipoa alfajiri, unyevu hugeuka matone nyuma ya ile sponji, nayo huyanywa na kuyashika mchana kutwa. Bandua kipande baada ya misimu miwili ya mvua uone. Rangi imetoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, na ukitumbua lengelenge moja kwa ncha ya bisibisi, unga wa kahawia unamwagika na mwanga wa nje unapenya.

Kwa gari la Pwani, kinga ya joto iwekwe paani, maana huko ndiko jua linakoshukia. Tumia vipande vya povu gumu lisilonyonya maji, unene wa milimita 25, uvigandishe moja kwa moja kwenye bati bila kuacha mwanya. Kuta ziachwe na nafasi ya hewa nyuma ya mbao. Paa kwa nje lipakwe rangi nyeupe. Na vile vitundu vidogo chini ya milango na kandokando ya sakafu, tafadhali visizibwe. Viliwekwa kiwandani ili maji yapate pa kutokea.

Tundu la feni au la waya wa sola likishakatwa, ukingo wake ni chuma kitupu, na hapo ndipo kutu huingilia. Piga tupa mpaka ukingo uwe laini, pitisha msasa, futa vumbi la chuma lote (chembe zikibaki paani zitaota kutu usiku huohuo), paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na uiache ikauke sawasawa kabla ya kutia gundi. Silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi isikaribie bati. Harufu hiyo ni asidi, nayo hula chuma wakati silikoni inakauka. Uliza gundi ya poliyurethani, ile inayotumika kugandishia vioo vya mbele. Na ukifunga fremu ya alumini kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, tia washa (vipete bapa) za nailoni katikati. Metali mbili tofauti zikigusana na kulowa maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini.

Baada ya kutoka ufuoni, osha gari kwa chini, si ubavuni tu: ndani ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, kwenye springi na mabomba ya breki. Maji yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, na kuliosha gari kwa maji hayo ni sawa na kulirudisha baharini. Kuna pia mazoea ya kupaka oili chafu chini ya gari. Kwenye chuma cha chasisi husaidia kidogo, lakini ikifika kwenye mipira ya springi na ya breki huivimbisha na kuiozesha. Heri nta ya kupulizia ndani ya mihimili.

Tukija kwenye umeme, malalamiko tunayoyasikia zaidi ni kwamba betri ni mbovu. Mara nyingi betri ni nzima, mbovu ni athi, yaani kiungo cha hasi ya betri na bodi. Washa taa na feni, kisha weka ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha bodi. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea kwenye kiungo. Fungua bolti ya athi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza tena, halafu paka grisi juu yake. Kisha angalia waya wenyewe. Kata sentimita tano kutoka mwisho, uchune ganda, utazame nyuzi za shaba. Zikiwa nyeusi au za kijani, chumvi imeshapanda ndani, basi endelea kukata mpaka ufikie shaba nyekundu inayong'aa. Kwenye kazi mpya, waya wa boti, ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati jeupe, una bei lakini hauingii ugonjwa huu.

Kabla ya kununua sola, piga hesabu ya matumizi. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula takriban wati 50 ikiwa inanguruma, na kwa joto letu huweza kunguruma nusu ya siku. Hizo ni wati-saa 600. Feni ya wati 20 kwa saa 10 ni 200. Taa na simu, weka 100. Jumla ni 900 kwa siku. Paneli ya wati 200 haitoshi, kwa sababu hata kwa saa tano za jua kali, ukitoa hasara ya joto, vumbi na waya, utapata kama 700. Chukua wati 300. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600 tu. Usiku mmoja wa friji, feni na taa unaimaliza hiyo yote, na asubuhi ya mawingu utaamka huna kitu. Ni betri mbili za aina hiyo, au moja ya lithiamu ya Ah 100, ambayo unaweza kutumia sehemu nne kwa tano bila kuiumiza.

Michoro ya nchi za baridi hutia mkazo kwamba lithiamu isichajiwe kwenye barafu. Hapa cha kuogopa ni kuipikia ndani ya kabati lililofungwa. Betri ya asidi nayo umri wake hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, tena hutoa gesi inayoweza kuwaka wakati wa kuchaji, hivyo boksi lake litobolewe kwenda nje. Michoro hiyo pia inasema paneli iinuliwe kulifuata jua. Malindi iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua liko utosini, kwa hiyo ilaze paneli na uipe mteremko mdogo wa kumwaga vumbi. Acha sentimita 5 za upepo chini yake, kwa kuwa paneli ikipata moto nguvu yake hushuka. Ifute asubuhi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Kivuli cha kuti moja kikiangukia kona ya paneli kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme. Kwa ujumla usiegeshe chini ya mnazi, kwani nazi kavu huvunja kioo cha mbele, na huvunja kichwa cha mtu vilevile.

Fyuzi ya kwanza ikae ndani ya sentimita 20 kutoka chanya ya betri. Inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80. Ipe waya wa shaba wa milimita za mraba 25, mfupi usiozidi mita mbili, na fyuzi ya ampea 125. Waya mwembamba hauzimi kitu, unapata moto tu, na umezungukwa na mbao.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, hutulia sakafuni mlipolala. Kabati la mtungi litobolewe chini kwenda nje ya gari, na lisifunguke kuelekea kitandani. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regaleta na viungo vya mpira, usubiri uone kama linatoa mapovu. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake. Jiko la makaa lisiingizwe garini kwa hali yoyote, hata makaa yakionekana yamekufa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Mizigo nayo ipimwe. Bamba la kiwandani, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, huandika uzito wa juu unaoruhusiwa. Pima gari likiwa limejaa kila kitu, ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 30 na zaidi, ya milimita 9 ni kama nusu yake, na kwa kabati hiyo ya 9 inatosha. Maji ya lita 80 ni kilo 80, basi tangi likae chini, karibu na ekseli, si nyuma kabisa kwenye mlango. Mbao za chembechembe zilizoshindiliwa (chipbodi) huvimba kwa unyevu wetu. Na mlango wa Lamu wenye nakshi ni fahari ya nyumba ya mawe. Garini ni mzigo unaolemea upande mmoja na kulivuta kila kona. Ukishabadilisha bodi, mabadiliko hayo yapitie NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) na mwenye bima aarifiwe kwa maandishi, maana gari likiungua huku hati zinasema ni la mizigo, madai yatakuwa taabu.

Mchangani, punguza upepo wa tairi kabla ya kuzama, usingoje uzame. Gari zito la kulala lishuke mpaka psi 20 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), jepesi laweza kwenda chini zaidi. Nenda kwa mwendo mmoja, usukani umenyooka, na ukitaka kusimama, achia mafuta badala ya kukanyaga breki, ili tairi zisijijengee kichuguu mbele yake. Likizama usizungushe tairi. Fukua mbele ya magurudumu na utandike magunia au makumbi ya nazi. Pampu ya upepo ifungwe kwa klipu kwenye betri; tundu la kiberiti cha gari lina fyuzi ndogo inayokatika haraka. Jaza tena kabla ya kushika lami, la sivyo tairi itachemka na kupasuka.

Usilale chini ya mstari wa mwani mkavu. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua, yaani maji hujaa kuliko kawaida, na maji yaliyoonekana mbali unapolala yatakugongea mlango alfajiri. Kuhusu upepo, magari mengi ya kwetu yana mlango wa kutelezesha upande wa kushoto. Wakati wa kusi, pua ielekee magharibi. Wakati wa kaskazi, ielekee kusini-mashariki. Hapo mlango unapokea upepo, na ukiuvalisha chandarua unalala bila feni.

Choo ndicho kinachotutia uchungu zaidi. Haifai kabisa kumwaga baharini wala vichakani, na ndoo ya dawa ya buluu yenye fomalini haifai kumwagwa kwenye shimo la mtu, kwa sababu huua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Choo kikavu kinafaa zaidi: mkojo utengwe kwenye dumu lake, kinyesi kifunikwe kikombe kizima cha randa au vumbi la mbao kila mara. Tunawasihi wenye viwanja vya kuegesha magari Malindi na Watamu waweke bomba la maji baridi na choo cha kumwagia, watoze ada. Wageni watalipa.

Wanaokwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, zaidi ya kilomita 100 zenye sehemu za vumbi, wafunge madirisha ya nyuma na wafungue matundu ya mbele. Dirisha la nyuma likiwa wazi gari hufyonza vumbi, na moshi wa ekzosi pia.

Wanaokwenda Lamu kwa njia ya Garsen na Witu wasafiri mchana, waulize polisi hali ya njia kabla ya kuondoka, na wakati wa mvua waulize kama Tana imefurika. Gari litaishia Mokowe, kisiwani utavuka kwa boti. Kabla ya kuliacha kwa siku kadhaa, funga gesi kwenye mtungi, toa chakula chote kwenye friji na uache mlango wake wazi, zima inveta, iache sola ikichaji, funika kioo cha mbele, na uache tundu la paa wazi kidogo likiwa na wavu. Liegeshe pua ikitazama barabara, mahali penye mlinzi.

Mafundi wa bodi na umeme wa magari,
Malindi