Barua kwa Wahandisi Vijana wa Nairobi Kuhusu Kona Iliyokataa Kutulia

Wanangu mnaoanza kazi ya uhandisi,

Jumamosi ile mlipokuja kwangu na kuketi barazani, mliweka kompyuta yenu kati ya vikombe vya chai mkanionyesha picha ya slabu iliyoachiwa tundu la ngazi. Ilikuwa imepakwa rangi kutoka buluu hadi nyekundu, na nyekundu yote ilikuwa imejikusanya katika kona nne za tundu hilo. Mlikuwa mnabishana. Mlipoigawa slabu katika vipande vya milimita 40, programu ilitoa mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo, wa megapaskali 2.6 kwenye kona. Mlipovipunguza vikawa vya milimita 20 ikatoa 3.6; mlipofika milimita 10 ikatoa 4.9. Mmoja wenu alishikilia kwamba jibu la kweli ni la mwisho kwa sababu vipande vidogo ndivyo sahihi zaidi, mwingine akasema programu ina hitilafu, nami, kwa kuwa wingu la mvua lilikuwa limeshatanda na mlikuwa na safari ya kurudi mjini, niliwajibu kwa mzaha kwamba nyote mmekosea. Haukuwa uungwana kuwaacha hivyo. Nawaandikia sasa, tena waziwazi, kwa sababu najua mna wenzenu wengi katika ofisi za mji huu wanaokodolea macho kona kama ile.

Programu yenu haina hitilafu. Iliwajibu kwa uaminifu kulingana na kile mlichoiamuru iamini, yaani kwamba zege ni kitu kisicho na pengo, kwamba laweza kugawanywa bila kikomo, na kwamba kila kipande, hata kikiwa kidogo namna gani, kitabaki kuwa zege lile lile. Dhana hiyo ndiyo tunayoiita mwendelezo. Katika ulimwengu wa mwendelezo kamili, kona kali inayoingia ndani ya mwili wa slabu ina mkazo usio na kikomo, na ndiyo maana kila mlipovigawa vipande nusu kwa nusu namba ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Mngeendelea hadi alfajiri, ingeendelea kupanda. Hapakuwa na jibu lililokuwa likiwasubiri huko chini.

Sasa tazameni kokoto. Zege mlilochora lina kokoto za hadi milimita 20. Kipande cha milimita 10 ni kidogo kuliko kokoto moja, kwa hiyo mlikuwa mnaiuliza programu habari za zege mahali ambapo hakuna zege, bali kuna jiwe tupu, au saruji na mchanga, au kiputo cha hewa. Swali lenyewe lilikuwa limekwisha maana kabla jibu halijaja.

Msidhani nawaambia kwamba mwendelezo ni uongo wa kutupwa. Mwanahisabati Euler alipoandika milinganyo ya mwendo wa maji mwaka 1757, na mwenzake wa fani Cauchy alipoieleza dhana ya mkazo mwaka 1822, walikichukulia kitu kama kimejaa kila mahali, na hadi leo tunakula kwa jasho lao. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanafizikia Perrin alipima mtikisiko wa chembe ndogo zilizoelea majini, na wengi waliokuwa wakizitilia shaka atomu wakakubali kwamba zipo, lakini hakuna mhandisi aliyelazimika kutupa milinganyo yake. Sababu ni hesabu rahisi: mchemraba wa maji wenye upande wa maikromita moja una molekuli takriban bilioni 33. Katika umati huo, wastani hautikisiki, na bomba la maji halina haja ya kujua kwamba ndani yake mna chembe. Maji yanatuvumilia mpaka chini kabisa. Zege halituvumilii hata kidogo, kwa kuwa chembe yake kubwa unaishika kwa vidole viwili.

Lugha yetu nayo ina mzaha wake katika jambo hili, na niruhusuni kupotea njia kidogo. Maji, ambayo jicho huyaona hayana mapengo, tunayataja kwa wingi: maji haya yametulia. Mchanga, ambao kila punje yake inaonekana, tunautaja kama kitu kimoja: mchanga huu umeloa. Na wazee waliposema haba na haba hujaza kibaba, hawakutuambia ni haba ipi iliyokigeuza kibaba kuwa kimejaa. Wagiriki walilihangaikia swali hilo hilo kwa mfano wa lundo la nafaka, na sijaona mtu aliyelimaliza.

Swali zito zaidi lilitoka kwa Zeno wa Elea, katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliyesema kwamba mshale unaoruka, ukitazamwa katika nukta yoyote ya wakati, umesimama; sasa kama wakati wote ni nukta, unaruka lini? Jibu la Aristotle ndilo ninalowaombea mlikariri, kwa sababu ni jibu la mtu ambaye angeielewa slabu yenu. Alisema mstari haukujengwa kwa nukta jinsi ukuta unavyojengwa kwa mawe. Nukta ni mahali unapoweza kuukata mstari, na kugawanyika bila kikomo ni jambo linalowezekana siku zote lakini halijakamilika kamwe.

Wanahisabati hawakuridhika na hilo, na walikuwa na haki yao. Pembenne mraba yenye upande wa mita moja ina ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona ya mkabala, ambao hakuna sehemu yoyote ya nambari nzima kwa nambari nzima inayoweza kuutaja barabara, ingawa sehemu hizo zimesongamana hivi kwamba kati ya mbili zozote zimo nyingine zisizo na mwisho. Kumbe kusongamana si sawa na kutokuwa na pengo. Dedekind, katika kijitabu chake cha mwaka 1872, aliziba pengo kwa kulifanya pengo lenyewe kuwa nambari: kila mahali unapoweza kuzikata sehemu zote katika kundi la chini na kundi la juu, hapo pana nambari moja. Ni ujanja ninaoustaajabia hadi leo. Cantor naye alithibitisha mwaka 1874 kwamba nambari hizo haziwezi kupangwa foleni ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata foleni hiyo ikiwa haina mwisho, na baadaye kwamba rula ya sentimita 30 ina nukta nyingi sawasawa na njia yote ya Nairobi hadi Mombasa. Alipogundua kwamba hata uso wa mraba hauuzidi mstari kwa wingi wa nukta, alimwandikia Dedekind mwaka 1877: "Naona, lakini siamini." Swali lake la kama kuna ukubwa wowote kati ya wingi wa nambari za kuhesabia na wingi wa nukta za mstari lilithibitishwa, kwa kazi ya Gödel na kisha ya Cohen mwaka 1963, kwamba haliwezi kujibiwa ndiyo wala la kwa misingi tuliyoizoea.

Mnaona, basi, kwamba mwendelezo wa Dedekind si ule wa zege, na kompyuta yenu haina hata mmoja kati ya hiyo miwili. Nambari zake zina mapengo. Hata sehemu moja ya kumi haiwezi kuiandika barabara, kwa sababu huhesabu kwa mbili-mbili. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kuzuia makombora uliokuwa umewashwa kwa takriban saa 100 ulikuwa umekusanya kosa la theluthi moja ya sekunde kwa sababu saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu hiyo moja ya kumi ilikuwa imekatwa tarakimu zake za mwisho, kombora likapita, na wanajeshi 28 wakafa.

Mimi mwenyewe sikujifunza haya vitabuni. Nikiwa na umri wenu, nilichora makutano ya boriti na nguzo katika jengo moja upande wa Eastlands, na hesabu yangu ilitoka safi kiasi kwamba niliionyesha wenzangu. Nilikuwa nimebananisha nondo hadi nafasi kati yake ikawa milimita 15. Mbao zilipobanduliwa, fundi aliniita bila kusema neno, akachukua kipande cha waya wa kufungia na kukiingiza kwenye zege. Kilizama karibu urefu wa kidole. Kokoto zilikuwa zimekwama juu ya nondo, na chini yake palibaki matundu kama sega la nyuki lililokwisha kurinwa. Katika karatasi yangu zege lilikuwa limejaa kila mahali. Katika nguzo lilikuwa halijafika. Tulibomoa kwa siku mbili, na gharama ilikuwa ya kosa langu mimi.

Kwa kona yenu, basi, acheni kuifukuza ile namba. Jumlisheni nguvu inayovuka upana wa kutosha kumeza kokoto kadhaa, kisha wekeni nondo za kuibeba nguvu hiyo, pamoja na nondo za mshazari kwenye kila kona, ambazo mafundi wa mji huu huziweka hata mchoro usipozitaja. Mkitaka kujua ufa utakwenda mbali kiasi gani, msiuulize mkazo wa kwenye ncha. Someni alivyofanya mhandisi Griffith mwaka 1921, aliyeliacha swali la mkazo usio na kikomo na kuuliza badala yake ni nishati kiasi gani inayotumika kuufungua ufa. Na juu ya kila karatasi ya hesabu, karibu na jina la mradi, andikeni urefu mdogo kabisa ambao kwao mnakubali kwamba kitu chenu kina mwendelezo. Katika zege andikeni kwa milimita. Katika udongo mweusi wa upande wa Embakasi andikeni pia msimu, kwa sababu wakati wa kiangazi udongo ule hupasuka nyufa zinazomeza mkono, na mlinganyo mliouandika Aprili hauna udongo wa kuushika ifikapo Septemba.

Mkija tena, nitawaonyesha dirisha la chumba cha nyuma. Kwenye kona yake ya chini kuna ufa unaoshuka mshazari, nami huuwekea alama ya penseli na tarehe mahali unapoishia. Alama ziko saba sasa, na umbali kati yake haulingani. Leteni lenzi, na mchoro wa slabu uliosahihishwa.

Mzee wenu,
mhandisi mstaafu, Nairobi