Nani Kawaambia Mtoto Huyo Hana Sauti? Barua ya Wazi kwa Wazazi Vijana

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilikuwa mgeni nyumbani kwa mmoja wenu. Simtaji, mwenyewe anajijua. Binti yake, wa miaka sita au saba hivi, alikuwa amesimama juu ya kigoda anaosha vikombe huku anaimba. Wimbo alikuwa anautunga palepale: kikombe kikubwa ni baba, kidogo ni mtoto, sahani imepotea. Kila akimaliza kikombe anakigonga kwa kijiko asikie kinalia vipi, kisha anaifuata ile sauti kwa koo lake. Anaikosa kidogo, anarudia, anaikaribia. Mazungumzo ya sebuleni nilishaacha kuyasikiliza.

Baba yake akapaza sauti: "We, hebu nyamaza huko! Unaimba kama bawaba kavu!" Watu wakacheka. Na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe, kwa adabu ya ugeni. Mtoto akaviosha vikombe vilivyobaki bila kuvigonga. Baadaye akapewa simu na spika za masikioni ili asisumbue watu. Ikawa simu ndiyo inayomwimbia.

Jambo hilo limenikaa kooni siku nne sasa.

Najua mtasema mzee anakuza mambo, ule ulikuwa utani tu. Basi niwaeleze kwa nini utani huo unanichoma. Nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Mwaka mmoja tulikuwa tunangoja wageni wakubwa, na kwaya ya darasa langu ilikuwa imeiva, isipokuwa mvulana mmoja aliyekuwa akitoka nje ya sauti kila tukifika kwenye kiitikio. Ningeweza kubaki naye nusu saa baada ya masomo. Sikubaki. Nilimwinamia sikioni nikamwambia: "Wewe chezesha midomo tu, usitoe sauti." Akatii. Wageni wakapiga makofi, nami nikajiona mwalimu hodari.

Nilikutana naye tena akiwa baba wa watoto watatu. Tulikumbushana mengi, tukacheka, kisha akaniambia bila hasira yoyote: "Mwalimu, mimi tangu siku ile nachezesha midomo." Kwenye sherehe, kwenye misiba, popote watu wanapoimba. Watoto wake wote watatu wamekua bila kubembelezwa kwa sauti ya baba yao hata usiku mmoja. Maneno yangu yale hayakuchukua sekunde tano kuyasema.

Kwa hiyo nawaandikia kama mkosaji mwenzenu, si kama msafi.

Ni kweli wapo watu ambao ubongo wao unashindwa kutofautisha sauti ya juu na ya chini. Wanaopima upungufu huo wanasema hawafiki watano katika watu mia. Sisi wengine tunaojiita hatuna sauti, tulinyamazishwa kabla hatujajifunza. Kuimba ni kazi ya sikio na koo: mtoto anasikia, anajaribu, anakosea, anajirekebisha, vilevile anavyojifunza kutamka. Mtoto wa miaka miwili akisema "titi" badala ya "kiti" mnamshangilia na kumrekodi video. Mbona akikosea sauti ya wimbo mnamfunga mdomo?

Hivi mnajua jambo hili la kumwachia mtu mwingine aimbe ni geni kiasi gani? Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti na kuirudisha mwaka 1877. Kabla ya hapo, ukitaka muziki, karibu kila mara lazima mtu awepo anaupiga au anauimba, na mara nyingi mtu huyo ni wewe mwenyewe. Kwenye pango la Hohle Fels, Ujerumani, mwaka 2008 ilichimbuliwa filimbi ya mfupa wa bawa la tai mla mizoga, yenye matundu matano, na umri wake unakadiriwa kuwa si chini ya miaka 35,000. Zama za barafu zile! Baridi inaua, chakula ni cha kuwinda, na bado mtu akakaa chini na jiwe lenye makali akatoboa mfupa taratibu usivunjike. Ninyi mnapewa mtoto ambaye filimbi yake iko kooni tayari, mnaiziba.

Sina ugomvi na simu. Nami jioni nasikiliza nyimbo zangu, na kipande ninachokipenda kinapofika, nywele za mkono zinasimama. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba muda ule ubongo unamwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika tukifurahia chakula. Ni raha halali kabisa. Ila aliyekaa anasikiliza peke yake na aliyesimama katikati ya wenzake anaimba hawapati kitu kilekile. Huko Gothenburg, Uswidi, vijana waliokuwa wakiimba pamoja walipimwa mapigo ya moyo, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba mioyo yao ilikuwa ikienda mbio na kutulia kwa pamoja, kwa kuwa wimbo ndio unaowapangia wote lini wavute pumzi na lini waitoe. Aliyewahi kuwa msibani hahitaji kifaa kulijua hilo. Unafika umebanwa kifua, unaitikia beti mbili tatu na wenzako, unakuta unapumua.

Sasa niwape la rafiki yangu. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, akapoteza maneno. Alinitambua, alielewa kila nilichosema, lakini jina langu alilolitamka miaka arobaini halikutoka. Alikuwa anagonga godoro kwa ngumi kwa uchungu. Siku ya tatu, kwa kukosa la kusema, nikaanza wimbo tuliouimba utotoni tukienda kuteka maji. Nikafika mstari wa mwisho nikakatiza. Akaumaliza yeye, maneno yote, yamenyooka. Tulitazamana kama watu walioshuhudia wizi.

Haukuwa muujiza. Kwa watu wengi lugha hukaa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, lakini wimbo hushikwa na pande zote mbili, kwa hiyo mlango mmoja ukifungwa mwingine huweza kubaki wazi. Tangu miaka ya 1970 wapo wataalamu wanaowarudisha wagonjwa kwenye maneno kwa kupitia wimbo. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 2011, tiba ya muziki ilikuwa sehemu ya safari yake ya kuongea tena. Binti yule wa vikombe akifika sabini, yakimkuta hayo, atakuwa na wimbo gani wa kushika? Wa simu?

Mengine mnayajua, nayataja tu. Mbembelezeni mtoto kwa sauti zenu hata zikwaruze. Mkifua, mkideki, imbeni. Ukiwa na mzazi mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye miguu inakwama mlangoni, mpigie makofi kwa mpigo mmoja uone atakavyoinua hatua. Na hizo spika za masikioni, punguzeni: Shirika la Afya Duniani linasema kwa sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho ni saa 40 kwa wiki, na ukipandisha hadi 90 zinabaki saa nne tu. Sikio likiharibika kwa kelele halioti jipya.

Tena acheni kuwachezea watoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, ili wawe na akili. Habari hiyo ilianzia kwenye jaribio la mwaka 1993, waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na faida yenyewe ilidumu kama robo saa. Mtoto aimbe kwa sababu kuimba ni kuzuri. Inatosha.

Sikulaumuni peke yenu. Kipindi cha muziki ndicho cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ya shule mitihani ikikaribia, na mimi mwenyewe nilikuwa nakigeuza kuwa cha hesabu. Sherehe zetu nazo tumeweka spika kubwa kuliko milango, wageni wanapigiana ishara kama mabubu, halafu tunasema tulikuwa na muziki.

Jumamosi ile, kabla sijaondoka, nilimfuata yule mtoto jikoni nikamwomba anifundishe wimbo wa vikombe. Alitoa spika masikioni. Akachungulia kwanza sebuleni, kuona baba yake yuko wapi.