Tupewe ilani kabla ya kudaiwa pesa za picha

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Jericho, huu ukiwa mwaka wangu wa 19. Jumanne ya wiki jana kijana wa bodaboda alisimama mlangoni, akaniuliza jina, akanipa bahasha na kitabu cha kutia sahihi. Nilikuwa nakata kitambaa. Nikatia sahihi vidole vikiwa na chaki, alama ikabaki kwenye ukurasa wake. Ndani mlikuwa na barua ya wakili: nimetumia picha ya mteja wake bila idhini, nilipe Sh280,000 katika siku 14, la sivyo tukutane mahakamani.

Picha yenyewe ni ya mwanamke harusini, amevaa gauni la kitenge lenye mikono iliyofura mabegani. Mteja wangu aliniletea kwenye simu, kama wanavyofanya wote: "Fundi, nataka kama hii." Yeye aliitoa kwenye kikundi cha WhatsApp. Nilimshonea, kisha nikaiweka picha hiyo kwenye ukurasa wangu wa Facebook na kuandika, "Tunashona hii, Sh1,800." Ilinipa wateja watatu. Hizo ni Sh5,400, kabla ya kutoa uzi, zipu na bitana.

Nilikosea, na sikatai. Jirani yangu hupiga picha za harusi pale Arboretum na kamera yake bado anailipia kidogo kidogo. Aliwahi kukuta picha yake kwenye bango la duka lisilompa hata shilingi. Mtu kama huyo lazima alipwe jasho lake, hata kama picha imezunguka simu elfu. Nilipomuuliza angenitoza ngapi kwa picha ya namna ile, alifikiri kidogo akasema elfu mbili, labda tatu.

Sasa laki mbili na elfu themanini zimetoka wapi?

Usiku huo binti yangu alinisomea Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Inasema mwenye kazi anaweza kuchagua, badala ya fidia, kulipwa ada ya haki ambayo mtu angelipa kama angeomba kibali. Kumbe sheria yenyewe inatambua bei ya kawaida. Inasema pia kwamba picha ikipigwa kwa kuagizwa, hakimiliki humwendea aliyeagiza, isipokuwa wawe wamekubaliana vingine. Hapo nilimwambia arudie. Ikiwa maharusi ndio waliomwita mpiga picha na kumlipa, huyu mteja wa wakili ni nani? Barua haisemi. Najua kusajili kazi si lazima, lakini hakuna hata mkataba, hakuna picha asilia, hakuna hesabu ya hizo Sh280,000.

Linaloniuma zaidi ni hili. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kuipelekea kampuni ya intaneti notisi iondoe kazi iliyowekwa bila idhini. Kampuni yenye mawakili wake inaambiwa kwanza, "ondoa". Mimi wa cherehani moja nimeletewa bili. Ningeambiwa, ningeifuta siku hiyo hiyo. Nilipopata barua niliifuta picha kabla sijamaliza kusoma. Mama mmoja muuza keki huko Umoja alipata barua kama yangu, akalipa Sh60,000 za chama kwa kuogopa tu lile neno mahakama. Hakuuliza chochote.

Naiomba Bodi ya Hakimiliki na wabunge wetu waweke sharti kwamba mfanyabiashara mdogo asidaiwe pesa kabla ya kupewa ilani ya kuondoa picha, na barua ya madai iambatane na ushahidi wa umiliki na hesabu ya bei. Atakayepuuza ilani ashtakiwe, sitamtetea.

Nimemjibu wakili. Nimemwomba anionyeshe picha ni ya nani, na nikamwambia kwamba Sh3,000 za mwenyewe halisi ziko tayari. Siku 14 zinaisha Jumanne ijayo. Kwa sasa picha zote za ukurasa wangu ni za nguo nilizoshona mwenyewe. Naziangika mlangoni saa kumi jioni, jua likiwa limegeukia upande wetu.

Mama Fundi,
Jericho, Nairobi