Kabla programu yako ya mvua haijaingia Debian

Sakina, Arusha

Mangi wangu,

Shikamoo! Usishangae. Mtu anayeandika programu ya mvua usiku, na mchana anasahihisha madaftari ya kidato cha tatu, lazima aamkiwe hata na marika wake.

Ujumbe wako umefika na faili ulilolibana nimelifungua. Umeniuliza kwa hasira kidogo: mbona kitu kinachofanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako hapo Rau kinadaiwa mlolongo wote huo ndipo kiingie Debian, ule mfumo huria wa kompyuta wa Linux? Ukauita urasimu wa ofisi ya ardhi. Nilicheka, halafu nikaisoma kazi yako mstari kwa mstari, na sasa majibu ninayo. Mengine hutayapenda.

Nianze na sifa, maana unastahili. Programu inasoma mvua ya kila siku, inaijumlisha kwa mwezi, inaitafutia mgawanyo wa gama (fomula ya uwezekano inayofaa mvua), kisha inatoa SPI, kile kipimo cha ukame walichokitoa McKee, Doesken na Kleist mwaka 1993. Hujasahau hata miezi mikavu. Mgawanyo wa gama hauna mahali pa sifuri, nawe umetenga kwanza uwezekano wa mwezi usio na tone, ndipo ukauchanganya na iliyobaki. Wengi wanaliruka hilo, halafu Agosti ya Moshi inawatolea majibu ya ajabu. Hisabati yako sina ugomvi nayo.

Ugomvi unaanza kwenye faili la gama.c. Nimelifungua tu, macho yakagonga 76.18009172947146. Mangi, namba hiyo naijua kama namba ya simu ya mama yangu. Ni ya kwanza kati ya zile sita za kukadiria logi ya gama kwa njia ya Lanczos, kama zilivyochapwa kwenye Numerical Recipes. Kushuka chini nakuta ITMAX 100, EPS 3.0e-7, FPMIN 1.0e-30, na majina gser na gcf hujayagusa. Najua hukukusudia kuficha kitu. Umenakili kama tulivyonakili wote chuoni, kitabu chenyewe kikiwa fotokopi ya fotokopi. Lakini wenye kitabu wanamruhusu aliyenacho auchape msimbo ule kwa matumizi yake mwenyewe. Kuusambaza kwa wengine hawaruhusu. Na Debian kazi yake ndiyo hiyo, kusambaza msimbo chanzo wa kila kifurushi, yaani programu iliyoandaliwa tayari kusakinishwa, kwa yeyote anayeutaka. Hapo hakuna cha kujadiliana.

Wala usijione umeonewa. Programu nyingi za sayansi zilizoanzia kwenye maabara za fizikia na hali ya hewa zimebeba vipande vya kitabu hicho tumboni, na mfungashaji, yaani mtu kama mimi anayeandaa programu ziingie Debian, akiona gammln au gcf anasimama hapo hapo.

Unachotakiwa kuelewa ni kwamba hisabati haina mwenyewe. Kanuni kwamba x ikiwa ndogo kuliko a + 1 unajumlisha mfululizo, na ikizidi unahamia kwenye sehemu iliyo ndani ya sehemu, ni ya kila mtu; fomula zenyewe ziko wazi kwenye sura ya 8 ya DLMF, maktaba ya fomula ya NIST, taasisi ya vipimo kule Marekani. Chenye mwenyewe ni maandishi. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, funga kitabu, fungua DLMF, uandike yako. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua bila kufikiri, ni kuita gsl_cdf_gamma_P iliyomo kwenye GSL, maktaba huria ya hesabu za kisayansi. GSL imo Debian tangu zamani, imejaribiwa na watu wengi kuliko mimi na wewe, na faili zima la gama.c linafutika. Tena utapata faida usiyoiomba: ile EPS ya 3.0e-7, kiwango cha usahihi cha kusimamia hesabu, ilikuwa inakupa tarakimu sita au saba za kuaminika, wakati double, namba ya desimali ya C, inabeba kama kumi na tano. Ulikuwa unachapisha tarakimu kumi na nne, Mangi. Nusu yake ilikuwa mapambo.

Ukiichukua GSL, ujue iko chini ya GPL toleo la 3, leseni inayotaka anayegawa programu agawe na msimbo wake, na hilo linatuleta kwenye leseni yako. Umeandika: "Bure kwa shule na watafiti, marufuku kwa biashara." Nia naielewa, hutaki mjanja wa mjini aiuze. Lakini miongozo ya programu huria ya Debian, iliyopitishwa mwaka 1997, inakataza kubagua shughuli ya mtumiaji, na biashara ni shughuli. Weka Debian pembeni, uniambie: AMCOS, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kibosho, ikitumia programu yako kujua kama vuli imeshindwa, hiyo ni biashara au elimu? Wanauza kahawa. Na mwanafunzi wako akiajiriwa na kampuni ya bima ya mazao, aiache programu getini?

Lilishamkuta mwenzako mkubwa. Brendan McKay wa Australia ana nauty, programu ya kutambua kama grafu mbili (nukta zilizounganishwa kwa mistari) ni moja iliyochorwa tofauti, na wanahisabati duniani kote wanaitegemea. Kwa miaka mingi leseni yake ilizuia kuiuza kwa faida na kuitumia kwenye mambo mazito ya kijeshi. Sharti la mtu muungwana kabisa, lakini nauty haikuweza kuingia Debian yenyewe, na programu iliyoihitaji ilibaki nje nayo. Toleo la 2.6 lilipotoka na leseni ya Apache, mlango ulifunguka. Wewe andika GPL toleo la 3 au la baadaye. Mjanja wa mjini akitaka kuiuza, atalazimika kumpa mnunuzi msimbo na haki ya kuugawa, na hapo biashara yake haina maisha marefu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nipige kelele peke yangu sebuleni. Mvua ya mwezi umeitunza kwenye char mvua[31], char ikiwa ile namba ndogo ya C ya baiti moja, na siku isiyopimwa umeiwekea -99. Nadhani ulitaka kubana kumbukumbu. Kwenye mashine za Intel na AMD, char ya Linux inaanzia -128 hadi 127, kwa hiyo -99 inakaa vizuri. Kwenye ARM, prosesa za simu na za kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, char haina hasi. Inaanzia 0 hadi 255. Ile -99 yako inageuka 157, na sharti lako la kuuliza kama siku ni sawa na -99 halitimii kamwe. Programu haikwami wala hailalamiki. Inaamini tu kwamba siku mpimaji alipokuwa msibani, Moshi ilipata milimita 157 za mvua. Mwezi wenye siku nne zisizopimwa unapata milimita 628 za bure, na SPI inakutangazia mafuriko katikati ya ukame.

Sijalitunga hili. Nimeikompaili kwenye Raspberry Pi yangu na faili lako lile lile, mwaka uliouita mkavu kuliko yote ukatoka na mvua kupita miaka yote. Ukiwasha -Wextra, kompaila ya GCC inakusuta yenyewe kwamba ulinganisho huo hautakuwa kweli kamwe, ila Makefile yako, lile faili la maelekezo ya kujenga, imezima maonyo yote. Halafu hata kwenye kompyuta yako hujapona: siku ikinyesha milimita 130, na miteremko ya Kilimanjaro haishindwi na hilo wakati wa masika, char yako inasoma -126. Tumia int16_t, namba ya baiti mbili, au double kabisa. Thelathini na moja kwa mwezi si mzigo kwa kompyuta yoyote iliyo hai.

Hapo ndipo ule "urasimu" unapolipa. Kifurushi kikipakiwa Debian, mashine za kujengea zinakikompaili kwa kila aina ya prosesa inayotambulika: amd64, arm64, ppc64el, mashine kubwa za IBM za s390x, hata riscv64 iliyoingia rasmi na Debian 13. Majaribio yako yanaendeshwa kote huko. Ukiondoa familia ya Intel na AMD, zote hizo zina char isiyo na hasi. Kosa lako lingenaswa siku ya kwanza, na mimi ningepata barua ya kunisuta kabla mwalimu wa Same hajawaambia wakulima kwamba mvua zilikuwa nzuri.

Majaribio nayo yanahitaji kurekebishwa, ingawa hilo ni dogo. Unalinganisha matokeo herufi kwa herufi na faili ulilolihifadhi. Kwenye arm64 kompaila inaunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja inayokadiria mara moja badala ya mara mbili, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kutofautiana na pande zote mbili zikawa sahihi. Linganisha kwa kuruhusu tofauti ndogo, tuseme 1e-10 ya thamani yenyewe, basi.

Kwenye Makefile nimekuta mambo ya kijana aliyenunua kompyuta mpya. Toa -march=native. Inaiambia kompaila itumie kila amri ambayo prosesa yako inaijua, zikiwemo AVX2, na zile Core 2 Duo za msaada kwenye maabara ya shule yenu hazina hata AVX ya kwanza. Programu ingekufa hapo hapo mbele ya darasa. Toa pia -ffast-math, kwa sababu inairuhusu kompaila idhani kwamba NaN, alama ya "si namba", haipo duniani, na wewe huko mbele unaitegemea NaN. Ile wget, amri ya kupakua, inayovuta takwimu wakati wa kujenga haipiti kabisa. Kifurushi hakiruhusiwi kugusa intaneti kikijengwa. Na takwimu zenyewe za kituo ni za ofisi iliyozipima. Kupewa nakala kaunta si ruhusa ya kuzisambaza. Kwa majaribio tunga namba zako. Programu haijui kama mvua ni ya kweli.

Yakishakaa sawa hayo, kazi yangu inaanza. Nitafungua taarifa ya nia ya kufungasha, kisha niandike folda ya debian: control ya kutaja inachotegemea, rules ya namna ya kuijenga, changelog, na copyright ya kueleza kila faili ni la nani na liko chini ya leseni gani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochosha na ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko zote. Sina haki ya kupakia mwenyewe, kwa hiyo nitamtafuta mdhamini aikague na kuitia sahihi. Kifurushi kipya kinaingia foleni ambako binadamu, si mashine, anasoma leseni faili kwa faili, ile 76.18009172947146 ingefia hapo kama isingefia kwangu. Ikipita inaingia Sid, tawi la vitu vipya, ikitulia bila hitilafu kubwa inashuka testing, tawi la kuandaa toleo lijalo, na toleo imara linalofuata likitoka inakuwemo. Matoleo hayo yanapishana kama miaka miwili: Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 tarehe 9 Agosti 2025. Ndiyo maana nakuharakisha. Milango ikifungwa kwa maandalizi ya toleo, mchelewaji anasubiri lijalo.

Unaniuliza kwani hawawezi kuichukua tu kwako na flashi? Wanaweza, na watakaoichukua ni rafiki zako. Nikiifikiria shule ya kata ambayo hamfahamiani, mwalimu wake ana Debian au Ubuntu (ambayo inavuta vifurushi vyake kutoka Debian), anaandika apt install, GSL inakuja yenyewe, na miaka mitatu baadaye bado inafanya kazi hata kama wewe umehamishiwa Sumbawanga na simu haishiki.

Nimeandaa viraka viwili, yaani faili za masahihisho, cha char na cha Makefile. Nakutumia na barua hii, uvisome kabla ya kuvikubali. Gama.c na leseni sivigusi. Kazi ni yako, na leseni ya kazi ya mtu haiandikwi na rafiki yake. Nijibu la leseni kwanza, maana bila hilo hata taarifa ya nia siwezi kuifungua.

Msalimie sana shemeji, umwambie zile ndizi alizotuma na basi zilifika salama na hazikumaliza wiki.

Wako,
mfungashaji wa Sakina

N.B. Programu haina ukurasa wa maelezo, ule unaofunguliwa kwa amri ya man, na lintian, mkaguzi wa vifurushi wa Debian, italalamika. Andika wa Kiingereza ili dunia isome, lakini andika na wa Kiswahili. Unakaa /usr/share/man/sw/man1, na mtu aliyeiweka kompyuta yake kwa Kiswahili, akiandika man, huo ndio unaofunguka. Folda hiyo kwenye mashine nyingi ni tupu au haipo kabisa. Wewe ni mwalimu, utauandika vizuri kuliko mimi.